Panya wa Gredi

Mzee Zakayo alicheka. Mtoto wangu Nekesa, ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza, alikuwa amesimama mlangoni pake ameshika kidole chake kwa mkono wa pili, damu imeteremka mpaka kwenye kiwiko, na huyo mzee, badala ya kumwinua, aliinama kwenye kizimba cha waya akamtazama panya wake mkubwa mweupe, akacheka kwa furaha. "Umeona meno hayo, Mama Nekesa? Yamepita kucha. Hilo ndilo dume." Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Niliiweka chini polepole, nakumbuka vizuri, kwa sababu nilijua nikiendelea kuishika itaishia kichwani mwa mzee wa kanisa. Nikavua kitambaa cha kichwa nikamfunga mtoto kidole. Wanawake waliokuwa kwenye mfereji waliacha kuchota maji. Nikamwambia, "Mzee Zakayo, hilo dume lako limezaa vya kutosha. Na wale wadogo unaotaka kuwagawia watoto Jumapili ijayo, hawatoki humu." Akanitazama kutoka miguuni kwenda juu. "Wewe ni nani katika landhi hii?" akauliza. "Si ni bibi ya karani tu?" Halafu akatia kipande cha mkate kwenye waya, kumtuza yule dume.

Hasira hiyo nilidhani imeshakufa. Imeniamkia mwaka huu, mimi mwenyewe nikiwa bibi kizee, kwa sababu tumemzika mke wake. Salome, binti yao, alinipigia simu, nikaenda na Nekesa mpaka kwenye shamba lao upande wa Rongai, tukakaa chini ya hema kwenye viti vya plastiki, vumbi likituingia kwenye chai. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri alisoma historia ya marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akabarikiwa na watoto wafuatao: na hapo majina yakaanza, walio hai na waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka watu wakaanza kuangalia sufuria za wali. Baada ya majina ya watoto alisema marehemu aliugua kwa muda mfupi. Basi. Maisha yote ya mwanamke yule yalikuwa kuzaa na kuugua. Nilikaa pale nikichemka. Nekesa akaniwekea mkono gotini, ule mkono wenye kucha iliyoota upande mpaka leo, akaninong'oneza, "Mama, si hapa." Anajua sura yangu. Nikabaki kwenye kiti, lakini nilijua kuna mwaka mmoja ambao mama yule alisema neno lake mwenyewe, na kwamba katika hema lile lote ni mimi peke yangu niliyekuwapo kulisikia.

Tulikuwa majirani katika landhi ya reli, nyumba za wafanyakazi, Nakuru, miaka ya hali ya hatari. Kila familia ilipewa chumba kimoja, na kuta za kati hazikufika kwenye paa. Ukikaanga kitunguu, vyumba vyote vinajua. Ukigombana na mumeo, vyumba vyote vinanyamaza kusikiliza. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, pazia la maua, meza ya Shem mume wangu ya kuandikia, na jiko la makaa ambalo mchana nilikaa nalo nje kwa sababu ya moshi. Upepo ukitoka ziwani ulileta vumbi la magadi, ukala nguo kwenye kamba na kuwasha macho ya mtoto. Jioni ilikuwa amri kila mtu awe ndani. Watoto wa landhi, waliozoea kukimbizana mpaka giza liingie, walifungiwa na mama zao jua likiwa bado juu ya mlima Menengai, na ungewasikia wakilia kwa kuchoka kukaa. Nasema haya ili ieleweke kwa nini panya waliingia katika nyumba za watu na hakuna aliyewapiga kwa ufagio.

Walifika mwanzoni mwa mwaka, ndani ya sanduku la majani ya chai. Kabla ya kuingia karakana ya reli, Mzee Zakayo alikuwa amechunga ng'ombe wa gredi, wale wa mbegu ya Ulaya, wa mzungu mmoja huko Njoro kwa miaka mingi. Mzungu huyo alipohama, memsahibu, mke wake, alimpa mzee panya wawili weupe ambao watoto wake walikuwa wakiwafuga. Dume, Mzee Zakayo alimwita Meja, kwa jina la fahali wa shamba lile. Jike, watoto wa landhi walimwita Bibi Arusi kwa weupe wake. Mama Achieng', jirani yetu wa upande wa pili, alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, "Kwetu panya hufukuzwa. Huyu ameletewa godoro." Mzee Zakayo hakuudhika. "Hao wenu ni wa ghala," akamjibu. "Huyu ni wa gredi." Siku askari walipokuja kupekua vyumba na kukagua vipande, vitambulisho vyetu, mmoja alifunua lile sanduku chini ya kitanda akaruka nyuma mpaka kofia ikaanguka. Mzee Zakayo akamwambia kwa heshima, "Afande, hao hawana haja ya kipande." Tulicheka siku nzima, kimyakimya, kila mmoja chumbani mwake.

Mimi nilifurahi kuliko wote. Shuleni, kabla sijaolewa, tulikuwa na panya weupe katika chumba cha sayansi, na Misi aliyetufundisha alikuwa na kanuni yake. Kabla ya kumweka dume na jike pamoja, alitia mkono mtupu ndani ya kizimba, akamchukua kila mmoja, akamweka shingoni mwake. Mkono wake ukisita kumshika, huyo hazai. Anaweza kuishi, atalishwa, atapendwa, lakini hazai. Na kabla ya yote alitusimamisha mstari akauliza: watoto wakizaliwa, nani atawachukua, na akishindwa kuwalea, nani atawarudisha? Kama hakuna aliyejibu, hakukuwa na kuzalisha. Sisi wasichana tulimwona mzungu mwenye wasiwasi wa bure. Nilipomzaa Nekesa ndipo nilipomwelewa. Kuna alasiri moja nilikuwa nimekaa mlangoni mtoto ananyonya, Bibi Arusi akapanda mapajani mwangu akaanza kuniosha kidole gumba kwa ulimi, kwa makini, kila upande. Mama Salome, mke wa Mzee Zakayo, alikuwa anapepeta mchele hapo karibu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mwaka ule alikuwa na mimba huku Salome bado ananyonya. Akatazama akasema, "Ameona na wewe ni mzazi."

Mzee Zakayo ndiye aliyeongoza shule ya Jumapili, na alikuwa na shauri ambalo mwanzoni hata mimi nililisifu. Mtoto atakayekariri aya zake vizuri angepewa panya mdogo mweupe, apate kiumbe cha kutunza jioni zile ndefu za ndani. Watoto walikariri mpaka wakawa wanaota kwa sauti. Lakini panya hawakutosha, na hapo mzee akarudi kwenye kazi aliyoijua. Huko shambani kwa mzungu, dume bora alimpanda mama, akampanda binti, akampanda mjukuu, mpaka rangi ikatulia na umbo likawa moja. Fahali aliyemrusha mchungaji juu ya ua alisifiwa kwa wageni. Basi Meja naye akawekwa na Bibi Arusi, kisha na binti zake, kisha na binti za binti zake. Kadiri alivyozidi kuuma ndivyo mzee alivyozidi kumwona ni damu safi. Na kila Jumamosi aliwachovya wote katika ndoo yenye dawa ya dipu ya kuua kupe, kama ng'ombe, hata wale ambao macho hayajafunguka. Nilimwambia mara nyingi. Nilimwambia kwa adabu, nikimwita Mzee, nikiwa nimeshika mikono mbele kama mkwe. Fahali, nikamwambia, hakuna mtu anayempeleka kitandani kwa mtoto. Huyu unampeleka. Akasema, "Mtoto ajifunze kushika mnyama kiume." Nikamwambia nitaandikia shule yangu ya zamani watutumie dume mwingine, mpole, asiye ndugu wa hawa. Alikataa kana kwamba nimemtukana. "Damu ya nje inaleta magonjwa. Huko kwa mzungu tulifungiwa karantini kwa ng'ombe mmoja wa jirani."

"Mzee, hawa tayari wanakoroma wakiwa macho. Sikiliza kifua cha yule."

"Hiyo ni baridi ya Menengai."

"Na Bibi Arusi? Ana watoto wananyonya na tumbo lingine limejaa."

"Wewe umesoma vitabu, binti yangu. Mimi nimesoma zizi."

Achieng', binti wa Mama Achieng', alikuwa wa kwanza kukariri aya zote. Alipewa panya mmoja, peke yake, ambaye hakuwa amekomaa kuacha ziwa. Walimweka katika mkebe wa mafuta wenye matundu. Panya ni wa kulala rundo, mmoja juu ya mwingine. Huyu alijikunja kwenye pembe ya mkebe akakaa hapo. Achieng' alimpa ugali, alimpa samaki, alimwimbia. Asubuhi moja alikuja kwangu amemfunga ndani ya leso, akaniomba nimwamshe. Alisema, "Mama Nekesa, wewe umesoma." Nilimshika yule mdogo mkononi, mwepesi na baridi, na mtoto wa watu ananitazama mdomoni akingoja nifanye kile ambacho watu waliosoma hufanya. Mpaka leo sijui nilimjibu nini. Mzee Zakayo aliposikia alisema wapo wengine, atampa mwingine. Ni kweli, walikuwepo wengine. Kila mara walikuwepo wengine, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi, jinsi neno hilo lilivyomfariji.

Jioni moja tulikuwa mezani, mimi na Shem, ugali na mrenda, taa ya chemli katikati. Upande wa pili wa ukuta vijiko vilikuwa vinagonga sahani, kisha vikaacha. Tukamsikia Mama Salome.

"Baba Salome, yule Bibi Arusi amechoka."

"Nani amekwambia mnyama huchoka kuzaa?"

Shem alikuwa ameshika tonge hewani. Kisha sauti ya mama yule ikarudi, chini kidogo: "Mimi ndiye ninakwambia." Mzee Zakayo akaomba aongezewe mboga, tukasikia akiongezewa. Shem akanitazama, akaweka tonge lake kwenye sahani.

Bibi Arusi alikufa mwishoni mwa mvua ndefu, akizaa. Mama Salome aliniita kwa kugonga ukuta. Nilimkuta amepiga magoti kando ya sanduku na tumbo lake kubwa, ameviweka vile vitoto vyekundu kwenye kitambaa cha joto juu ya kifuniko cha sufuria. Vingine vilikuwa vimezaliwa vimekufa. Mama yao alikuwa amebaki ngozi na mifupa, manyoya yamenyonyoka tumboni. Tulichovya pamba kwenye maziwa tukawawekea mdomoni, zamu kwa zamu, mchana kutwa, Salome na Nekesa wakicheza na vifuniko vya sufuria nyuma yetu. Wawili walipona. Mama Salome alisema, "Alikuwa hawezi kusimama, lakini bado anageuza kichwa kuwatafuta." Baada ya muda akauliza, akiwa anatazama ile pamba, "Nani atamwambia Baba Salome?" Nilidhani anauliza kuhusu kifo cha panya, nikasema nitamwambia mimi. Akatikisa kichwa taratibu, akachovya pamba tena. Mzee Zakayo aliporudi kutoka kazini alisikitika, alisikitika kweli, alivua kofia. Jioni ileile alimweka Meja na mjukuu wa Bibi Arusi ambaye bado alikuwa mdogo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kidole cha Nekesa, wakati mzee alipocheka, nilikuwa nimebeba miezi yote ile. Nilimwosha mtoto kwa maji ya chumvi, akapiga mayowe mpaka akalala. Mama Achieng' alikuja na ushauri wake tayari. "Nenda ofisi ya afya, sema tu kuna panya ameuma mtu. Watakuja na pampu zao. Mpaka saa ya chakula hakuna panya hapa, wala Zakayo." Nilifikiri. Ilikuwa njia fupi, na nilikuwa na hasira ya kutosha kuifuata. Lakini niliwajua watu wa afya. Wangewaua wote, wenye kuuma na wasiouma, wanaonyonya na wanaonyonyesha, mbele ya watoto waliowapa majina. Mzee angefukuzwa kwenye chumba, na mke wake angeenda kujifungulia wapi? Panya wale hawakujiumba. Kosa lilikuwa la aliyeamua nani azae, na mara ngapi, na watoto wake waende kwa nani. Nikasema, "Siendi afya. Naenda kanisani kwake." Mama Achieng' akacheka kwa pua. "Ukienda kanisani watakuombea wewe."

Shem alipokuja kula mchana alisimama nyuma yangu akasoma mistari ya kwanza ya barua niliyokuwa nimeanza kuandika. "Rasoa, huyu ni mzee wa kanisa. Mimi nafanya kazi ofisi moja na wazee wenzake. Utaandika nini, kwamba panya ameuma? Watacheka."

"Wacheke wakimaliza kusoma."

"Na wakisema mke wangu hana adabu?"

"Wewe utawaambia umeniona nikiwa na adabu miezi yote hii, ukaona imetufikisha wapi." Akatazama kidole cha mtoto, kitambaa kimeshalowa tena. Akafungua droo akanipa karatasi yake nzuri, ile ya mistari, akarudi kazini bila kumaliza chai.

Nilikuwa nakaribia mwisho Mama Salome alipoingia na kikaango kuomba moto. Kwao jiko lilikuwa linawaka, moshi ulikuwa unatufikia. Alikaa kitandani kwa uzito, karibu na Nekesa aliyelala. Akasema, "Nisomee." Nikamwambia ni malalamiko juu ya mume wake. Akasema, "Najua ni nini. Nisomee." Nilisoma kutoka mwanzo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja tumboni. Nilipomaliza alisema, "Pale pa kupumzika, rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Nje gari moshi lilikuwa linapanga mabehewa, vyuma vikigongana, tukangoja likatulia. Kisha akaniambia neno la kuongeza, na nilipokwisha kuliandika aliomba wino. Hakujua kuandika jina lake. Nilimshika mkono nikachovya kidole gumba, yeye mwenyewe akakibonyeza kwenye karatasi, kwa nguvu, akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akachukua kaa moja la moto ambalo hakulihitaji, akaenda.

Jumapili ile watoto waligawiwa penseli. Meja aliishi mpaka akazeeka, peke yake, katika kizimba chenye waya mwembamba usiopitisha kidole, na Mzee Zakayo alimlisha kwa mkono wake mpaka mwisho, hilo nampa sifa. Mengine yaliyosemwa ndani ya baraza la kanisa siyajui, wanawake hatukuruhusiwa kuingia. Ninachojua ni nilichopeleka. Nilikipeleka kwa mkono wangu, Nekesa mgongoni, nikamkabidhi karani wa kanisa, nikasubiri mpaka akakisoma mbele yangu. Kilisema hivi:

*Kwa Wazee wa Baraza la Kanisa.*

*Kuhusu: malalamiko juu ya uzalishaji wa panya weupe wa shule ya Jumapili.*

*Waheshimiwa wazee,*

*Mimi Rasoa, mke wa Shem, mkaaji wa landhi, nalalamika rasmi juu ya Mzee Zakayo. Silalamiki kwamba anafuga panya. Panya hawa ni wema wakizaliwa na wema, nami nawapenda. Nalalamika jinsi anavyowazalisha.*

*Leo dume lake limemuuma mtoto wangu mpaka kwenye kucha. Dume hilo limeuma watu tangu mwanzo wa mwaka, na kwa sababu hiyo hiyo limefanywa baba wa wote. Watoto wake nao wanauma. Jumapili ijayo ninyi mtawapa watoto wetu wanyama hawa kama zawadi ya neno la Mungu.*

*Naomba dume hilo lisizalishwe tena, wala asizalishwe mnyama yeyote ambaye mwenyewe anaogopa kumshika kwa mkono mtupu. Baba asiwekwe na binti yake. Wasichovywe katika dawa ya ng'ombe. Mtoto asitolewe kwa mama kabla ya kuacha ziwa, wala asipelekwe nyumbani kwa mtu peke yake. Asizaliwe yeyote ambaye hajapata mtu wa kumlea, na mtu huyo akishindwa, aliyemzalisha amchukue, kwa kuwa ni yeye aliyetaka azaliwe.*

*Jike aliyezaa apumzishwe mpaka nguvu zimrudie. Bibi Arusi hakupumzishwa, amekufa, na mimi na mke wa mzee tulimwona.*

*Sitaki mtu afukuzwe wala panya auawe. Nataka mzee aulizwe, na ajibu.*

*Wenu, Rasoa.*

*Neno la shahidi, Mama Salome, mke wa anayelalamikiwa, ambaye ndiye anayewalisha panya hawa kila siku. Anasema: Mama aliyezaa apewe muda. Anaomba neno hili lisomwe mbele ya mume wake, kwa sauti, na asiambiwe kwamba ni la panya peke yao.*

*Alama ya kidole chake ni hii.*